Kufuga gurami lulu: anzia juu ya maji

Gurami lulu ni samaki ambaye maisha yake yote yako juu, pale maji yanapokutana na hewa. Anapumua pale, anakula pale, anajenga kiota pale na watoto wake wanaanguliwa pale pale. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kumfuga namwambia alifikirie tenki lake kutokea juu kwenda chini. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na changarawe za rangi, ngome za plastiki, taa za kuwaka na kuzima, filta kubwa inayosukuma maji kama mto, alafu samaki anaishia kujibanza kona ya nyuma amepauka na mwenye nyumba anashangaa shida ni nini. Ukiupatia uso wa maji, nusu ya kazi imeisha.

Kwanza umjue mwenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Trichopodus leerii, na aliyemwandika kisayansi kwa mara ya kwanza ni Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Waholanzi kule Batavia (ndio Jakarta ya leo), mwaka 1852. Kwao ni Malaysia, Sumatra na Borneo, kwenye vinamasi vya msituni ambako maji yametulia, yana tindikali kidogo, majani yameoza chini mpaka maji yamekuwa na rangi ya chai ya rangi, na mimea imejaa kila upande. Misitu mingi ya namna hiyo imekatwa kupisha mashamba ya michikichi, ila wale wanaouzwa madukani karibu wote wamezalishwa mashambani kwa hiyo usiogope kwamba unamaliza wa porini.

Akikua anafika sentimita 12 hivi. Mwili ni bapa, kahawia ya kung'aa, umejaa vidoti vyeupe mpaka kwenye mapezi, na kuna mstari mweusi unaoanzia mdomoni unapita kwenye jicho unaelekea mkiani huku unakatika katika. Dume akikomaa kifua kinakuwa rangi ya chungwa kali inayokaribia nyekundu, na pezi lake la mgongoni ni refu limechongoka. Jike ni mnene kidogo tumboni, pezi la mgongoni fupi la mviringo, na koo lake halina ile rangi.

Alafu kuna zile nyuzi mbili. Mapezi yake ya tumboni yamekuwa nyuzi ndefu nyembamba na anazitumia kupapasa. Mwekee jiwe jipya kwenye tenki ukae utazame, hatalisogelea kwa mdomo, atasimama mbali kidogo, atazielekeza zile nyuzi mbele, ataligusa na mmoja, atarudi nyuma, atagusa na mwingine, na hapo ndio anaamua kama ni kitu cha kula au cha kukwepa. Zile nyuzi zina chembe za kuonja, ndio maana. Mtu akishaona hicho kitu kwa macho yake huwa haendi tena kuulizia samaki wengine.

Anavyopumua

Juu ya mashavu yake kuna kiungo kilichokunjwa kunjwa chenye mishipa mingi ya damu, kinaitwa labirinthi. Anapanda juu, anapiga funda la hewa, anashuka, na ile hewa inapita pale oksijeni inaingia kwenye damu. Sisi huku hii habari sio ngeni, kambare anapumua hewa na kamongo vile vile, kila mmoja kwa kiungo chake. Ndio maana gurami anaweza kuishi kwenye maji ya kinamasi yenye oksijeni kidogo ambayo samaki wengine wangekufa.

Ila watu wanaisikia hii wanaielewa vibaya, wanadhani basi anaweza kukaa kwenye bakuli au maji machafu. Hapana. Oksijeni anaipata juu lakini amonia na sumu nyingine zinamuunguza kama samaki yeyote. Na kuna upande wa pili ambao unasahaulika zaidi, kwamba akizuiwa kufika juu anaweza kufa hata kama maji yana oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo usijaze tenki mpaka ukingoni, acha sentimita 4 au 5 za hewa kati ya maji na mfuniko. Mfuniko uwepo, kwa sababu anaruka akishtuka, na pia kwa sababu ile hewa ya juu inatakiwa iwe na joto na unyevu karibu sawa na maji. Kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa hiyo sio shida labda tenki liko chumba chenye AC, ila kwa mtu wa Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya kipindi cha Juni na Julai hewa ya usiku ni baridi sana na samaki anayevuta baridi kila dakika chache atadhoofika tu. Mfuniko usiwe wa kubana kabisa, uwe na upenyo hewa ibadilike.

Kingine ni ule utando wa mafuta unaotanda juu, unatokana na chakula na vumbi la nyumbani, hasa tenki likiwa karibu na jiko. Chukua karatasi laini ya jikoni, ilaze juu ya maji sekunde chache, inyanyue, utando unatoka nao. Dakika moja tu, na yeye ndio mlango wake wa kupumulia umeusafisha.

Tenki lenyewe

Kwa dume mmoja na majike wawili au watatu mimi nashauri tenki la urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45, hilo ukijaza kabisa ni kama lita 180. Ukibanwa sana usishuke chini ya lita 110. Urefu na upana ni muhimu kuliko kimo, maana uso mpana wa maji ndio uwanja wake, yale matenki marefu membamba ya kusimama kama mnara hayamfai.

Mafundi wa vioo na aluminiamu wapo kila mji na wengi wanajua kutengeneza. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni inaua samaki, na ikishapakwa iachwe ikauke vizuri siku kadhaa, ukinusa bado kuna harufu ya siki hiyo haijawa tayari. Kioo cha milimita 6 wapo wanaotumia kwa saizi hii, mimi napendelea 8 na mbavu za kioo juu kwa urefu, fikiria tu lita zote hizo zikimwagika sebuleni usiku. Kabla ya kuliingiza ndani lijaze maji nje uliache siku nzima uone kama linavuja.

Meza iwe imara kweli kweli, maji peke yake ni zaidi ya kilo 150, bado kioo na changarawe. Weka kipande cha foma au povu gumu chini ya kioo. Na usiliweke mbele ya dirisha la jua, utapambana na mwani wa kijani mwaka mzima.

Chini weka mchanga wa mto ulioshwa mpaka maji yatoke meupe, au changarawe ndogo za rangi nyeusi au kahawia. Gurami lulu juu ya sakafu nyeupe anapauka, juu ya sakafu nyeusi vile vidoti vinawaka. Mchanga wa baharini usiweke, una vipande vya makombe na matumbawe na vinapandisha ugumu wa maji.

Filta ni ile ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi, haimvuti samaki, haisukumi maji kwa nguvu. Kama unayo ya kutundika au ya ndani yenye mota, elekeza mdomo wake ukutani ili mkondo uvunjike. Kipimo changu ni kutazama mimea inayoelea, ikikaa mahali pake uko sawa, ikizunguka zunguka punguza.

Maji

Sasa hapa ndipo samaki wengi wanapofia na dukani hawakwambii. Tenki jipya halina bakteria. Samaki anakojoa na kunya, chakula kinaoza, inatoka amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, alafu kundi jingine la bakteria linaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Hao bakteria wanajijenga wenyewe kwenye sponji na mchanga ila wanachukua wiki 4 mpaka 6. Kwa hiyo unawasha filta, unadondosha chakula kidogo kila siku kana kwamba kuna samaki, na unapima. Vipimo vya maji vya matone vipo maduka ya samaki wa mapambo, nunua, ni afadhali ukose taa nzuri kuliko ukose hivyo. Amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti chini ya miligramu 40 kwa lita, hapo ndio unaenda kununua samaki. Ukitaka kufupisha muombe mwenzio mwenye tenki lililokaa mda mrefu na samaki wazima akukamulie sponji lake kwenye tenki lako, hiyo inasaidia sana.

Maji ya bomba yana klorini, inaua bakteria wako na kuchoma mashavu ya samaki. Klorini ya kawaida ukiacha maji kwenye ndoo au beseni wazi saa 24 inapaa yenyewe. Kama kwenu wanatumia kloramini hiyo haipai, unahitaji dawa ya kuiondoa. Maji ya mvua ni laini sana na gurami anayapenda, ila kinga baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, na uyachanganye nusu kwa nusu na ya bomba maana yakiwa peke yake hayana madini kabisa. Maji ya kisima yaangalie kwa makini, visima vingi vya pwani vina chumvi, ukionja yana ladha ya chumvi achana nayo kwa samaki huyu, hayo wafugie molly au guppy.

Joto nyuzi 24 mpaka 28. pH, yaani kipimo cha tindikali ya maji, kati ya 6 na 7.5 ndio raha yake, akishazoea hata karibu na 8 anaishi, kinachomuua ni kubadilisha badilisha ghafla. Watu wa pwani hita hamuhitaji. Watu wa nyanda za juu nunueni hita, kadiria wati 1 kwa lita 1, na themometa ya pembeni kwa sababu ile namba kwenye hita mara nyingi haisemi ukweli.

Kila wiki badilisha robo ya maji. Mpira wa kunyonyea usiuvute kwa mdomo, jaza maji kwanza ndio uutumbukize. Ukiwa na kidonda mkononi usiingize mkono. Gurami ni kati ya samaki wanaopata sana kifua kikuu cha samaki, na wale bakteria wanaweza kumpa mtu vidonda vya ngozi visivyopona haraka. Sponji likiziba lisuguliwe kwenye ndoo ya maji yale yale uliyotoa kwenye tenki, ukilisugua bombani umeua bakteria wote umerudi mwanzo.

Majani ya mkungu

Hili naliandikia peke yake kwa sababu tunalo bure na hatulitumii. Wafugaji wa gurami na beta (yule samaki mpiganaji) dunia nzima wanatafuta majani ya mkungu, ule mti wa kungu, wengine wanayanunua yamefungwa kwenye pakiti kama dawa, wakati huku pwani mti umesimama kila uwanja wa shule na kila kituo cha basi na majani yanafagiliwa yanachomwa moto. Jani kavu la mkungu likikaa kwenye maji linatoa tanini, maji yanapata ile rangi ya kinamasi cha kwao, pH inashuka taratibu, fangasi wa mayai wanapungua, na samaki anatulia kwa sababu mwanga haumchomi.

Okota yaliyodondoka yenyewe, ya kahawia au mekundu yaliyokauka, sio ya kijani. Usiokote kando ya barabara kubwa wala pale wanapopuliza dawa ya mbu. Yaoshe, yamwagie maji ya moto, weka jani 1 kwa kila lita 40 au 50. Siku mbili tatu yataelea alafu yatazama. Yakibakia mifupa tu toa weka mengine. Wapo wasiopenda maji ya rangi, wanataka kioo cheupe kama cha hotelini, ni chaguo lao, lakini weka majani wiki mbili uone dume anavyopata rangi kifuani ndio uamue.

Mimea ya kuelea

Lazima iwepo. Salvinia, pistia, hata dakiwidi, na ile ya matawi inayoitwa seratofilamu ambayo unaweza kuiacha ielee bila kuipanda. Inamfunika na mwanga, inamnyonyea naitreti, na dume anapata mahali pa kushikiza kiota. Ila usiiache ifunike uso wote, theluthi mpaka nusu inatosha, lazima pawe na dirisha la kupumulia na kula. Ikizidi punguza kila wiki.

Ukienda kuchukua mimea bwawani vaa mabuti ya mpira, konokono wa kichocho wanakaa pale pale kwenye mimea. Ikifika nyumbani ioshe, ikae kwenye ndoo peke yake wiki mbili, toa konokono, ruba na mayai. Magugu maji usichukue kabisa, tunajua yalichofanya Ziwa Victoria.

Nyuma na pembeni panda mimea mirefu, weka na kipande cha mti kilichozama. Gurami mnyonge anahitaji pa kujificha asionekane, katikati acha wazi waogelee.

Kununua

Usinunue siku ya kwanza uliyoingia dukani. Tazama tenki zima, kama kuna mmoja amekufa humo au ana vidoa vyeupe vya unga, ondoka. Gurami mzima amesimama wima mapezi wazi, nyuzi zote mbili zipo, tumbo halijaingia ndani, mgongo haujapinda, na muuzaji akitupia chakula anakuja juu. Muombe atupie mbele yako. Wadogo wa sentimita 4 au 5 wanakuwa hawana rangi wala jinsia yao haijulikani vizuri, hao ndio wa bei nafuu na wanafaa, chukua 5 au 6 kama tenki ni kubwa, wakikua utawajua madume unabakiza mmoja wengine unawapa wenzio.

Angalia wasikuuzie wa bluu ukidhani ni mpole hivi hivi, gurami wa bluu mwenye madoa mawili ubavuni ni ndugu yake lakini dume lake ni gomvi. Na wale wadogo wenye michirizi mikali ya bluu na nyekundu, gurami kibeti, ni wazuri mno kwa macho ila kuna kirusi kinachowashambulia sana hao na hakina dawa, ndio maana kwa mtu anayeanza namshauri lulu.

Mfuko wa kusafirishia uwe na hewa nyingi juu ya maji, huyu lazima apumue njiani. Ukifika zima taa, mfuko uelee kwenye tenki dakika 20, ongeza maji ya tenki kikombe kwa kikombe kwa nusu saa, alafu mkamate na kijavu umuingize, maji ya dukani mwaga. Kama una samaki wengine tayari mtenge wiki 3 kwanza. Siku za mwanzo atajificha, hata asile, usigonge kioo, usihangaike na kuhamisha mawe. Ni samaki mwenye woga huyo, umpe mda.

Majirani

Mpole kwa wapole. Rasbora, tetra wadogo wadogo wa kundi, koridora chini, kuli mwembamba kama nyoka mdogo ambaye naye ametokea kanda ile ile. Hao wanakaa naye vizuri sana. Usimchanganye na barbu wa michirizi, watamtafuna zile nyuzi mpaka aishe. Usimchanganye na beta, watapigana. Goldfish anataka maji ya baridi na anachafua. Na hawa wetu wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika, pamoja na uzuri wao wote, wanataka maji magumu yenye pH ya juu na wana ubabe, tenki lao liwe lao peke yao. Madume wawili wa lulu kwenye tenki dogo nao watafukuzana, hawauani kama wengine ila mmoja hatakula kwa amani.

Chakula

Mdomo wake ni mdogo na umeelekea juu, kwa hiyo chakula kielee. Vile vipande vyembamba vikavu au punje ndogo ni msingi, mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Siku moja kwa wiki wasile kabisa. Mara mbili tatu kwa wiki wape kitu cha kweli, dafnia na artemia ambao ni vidudu vidogo vya majini, minyoo myekundu ya kugandishwa, na viluwiluwi vya mbu ambavyo hamna chakula wanachokipenda zaidi. Ndoo ya maji ya mvua kivulini inavipata yenyewe, ila vivune kila siku mbili tatu kwa chujio bila kuruka na maji uyamwage kila wiki, ukisahau umezalisha malaria na dengi nyumbani kwako. Kama huwezi kuwa makini hivyo acha. Njegere iliyochemshwa ukaimenya ganda ukaiponda, au mchicha uliochemshwa bila chumvi, inawasaidia tumbo lisivimbe.

Akiumwa

Dalili ya kwanza ni tabia, kabla ya ngozi. Anayebana mapezi, anayekaa juu tu kona moja, anayeacha chakula, huyo pima maji yake kwanza kabla ya kukimbilia dawa. Mara nyingi kubadilisha maji robo leo na robo kesho kunamaliza shida.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni kidudu kinachoitwa ich. Pandisha joto taratibu kwa siku moja au mbili mpaka nyuzi 30, ongeza hewa kwa sababu maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na endelea siku 10 mpaka 14 hata kama vidoa vimepotea mapema, maana kidudu kinashambulika kikiwa kinaogelea sio kikiwa ndani ya ngozi. Chumvi gramu 1 mpaka 2 kwa lita inasaidia ila iyeyushe kwanza kwenye jagi, uiingize kwa awamu, na kama una koridora au mimea laini watibu kwenye tenki la pembeni. Anayekonda huku anakula, mgongo unapinda, vidonda havifungi, huyo mtenge mbali na wenzake na mkono wako usiwe na kidonda, kuna uwezekano mkubwa ni kile kifua kikuu.

Umeme ukikatika gurami mwenyewe atavumilia kwa kupumua juu, ila rasbora na koridora hawana labirinthi, chota maji na kikombe umwagie kutoka juu kila baada ya mda, au nunua pampu ndogo ya betri. Usiwalishe umeme ukiwa haupo. Ukikaa masaa mengi bila umeme, kabla ya kuwasha filta yenye boksi toa sponji ulisuguze kwanza kwenye maji ya tenki, ndani yake bakteria wamekufa na ukiwasha tu ule uozo wote unamwagikia samaki.

Wakizaliana

Ukitaka watoto andaa tenki la pili la lita 60 au zaidi, maji sentimita 15 mpaka 20 tu, majani ya mkungu, mimea ya kuelea mingi, joto 28, filta ya sponji ikitoa mapovu machache sana, mfuniko umekaa vizuri. Jike na dume uwe umewalisha chakula hai wiki nzima mpaka jike tumbo limejaa mayai.

Dume anapanda juu anachukua hewa, anaitema chini ya mimea pamoja na mate yake, povu juu ya povu, mpaka kiota kinatanda kipana. Kifua kinawaka kabisa. Jike akiwa tayari anaingia chini ya kiota, dume anajikunja anamzungushia mwili, anamgeuza tumbo juu, wanatetemeka pamoja na mayai yanatoka. Mayai yana mafuta kwa hiyo yanapanda yenyewe, yale yanayopotea dume anayafuata moja moja anayachukua kwa mdomo anayarudisha kwenye povu. Wanarudia hivyo masaa kadhaa, mayai yanafika mamia. Usiwashe taa kali, usifungue mfuniko.

Wakimaliza toa jike, dume ataanza kumfukuza. Dume aachwe alinde. Mayai yanaanguliwa kati ya siku 1 na 2, vitoto vinaning'inia kwenye povu, na baada ya siku 3 hivi vinaanza kuogelea vyenyewe, hapo mtoe na dume asije akavila.

Kazi inaanzia hapa maana vitoto ni vidogo kuliko nukta. Havimezi unga wa chakula. Siku chache kabla ya kupandisha wazazi uwe umeweka ganda la ndizi au jani la saladi kwenye chupa ya maji ya tenki uyaache penye mwanga, maji yatachafuka alafu yatasafika, humo kuna vidudu vya kutosha. Wape matone machache mara kadhaa kwa siku. Baada ya wiki hivi jaribu artemia waliototolewa siku hiyo hiyo, ukiona tumbo la kitoto limekuwa la chungwa ujue kimekula. Kiini cha yai la kuchemsha kikikamuliwa kwenye kitambaa kinafaa ukikosa kingine, ila kidogo mno, kinaharibu maji haraka.

Wiki za mwanzo labirinthi yao bado inajijenga na hapo ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo mfuniko usifunguliwe hovyo, hewa ya juu ibaki ya joto na unyevu. Badilisha maji kidogo kidogo kila siku kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa kitambaa mdomoni, ya kurudishia yawe na joto lile lile na yaingie kwa matone. Hawakui sawa, wakubwa wanawanyima wadogo chakula, watenganishe kwa saizi kila baada ya wiki kadhaa. Wakishafika sentimita 4 unaweza kuwagawa au kuwapeleka dukani, wauzaji wengi wanapokea wa kuzaliwa hapa hapa kwa sababu wameshazoea maji yetu. Waliozidi wasimwagwe mtoni wala bwawani hata kama unawaonea huruma, samaki anayepumua hewa anaweza kuota mizizi mahali ambapo hakutakiwa na sangara ametuonyesha kwa furu wa Ziwa Victoria ilivyo vigumu kumrudisha nyuma mgeni akishaingia. Kama huna wa kuwapa, watenge madume na majike mapema tu, ukiona dume amekusanya mapovu vunja kiota kabla hawajataga.